Usimulizi upya wa ngano katika riwaya za mahaba ya fantasia: maana yake

Kusimulia ngano upya ni kuichukua ngano inayojulikana na kuiandikia riwaya nzima bila kuuvunja uti wake wa mgongo. Ikiwa ni mahaba ya fantasia, yanaongezeka masharti mawili: uchawi uwe na kazi ndani ya kisa, na mapenzi ndiyo yakibebe. Kupima ni rahisi. Ondoa mapenzi; kisa kikisimama bado, hiyo ni fantasia yenye wapenzi ndani yake. Ondoa uchawi, kisa kikibaki vilevile, hayo ni mahaba yaliyovishwa joho. Tafsiri si usimulizi upya, wala muhtasari. Hata kumpa shujaa viatu vya kioo hakutoshi kama mengine yote hayana uhusiano na Cinderella.

Mfano unaofundisha zaidi ni Mrembo na Mnyama (Beauty and the Beast), ngano ya binti wa mfanyabiashara anayekwenda kuishi katika kasri la Mnyama kwa sababu baba yake alichuma waridi humo; Mnyama huyo ni mwana wa mfalme aliyelaaniwa. Inafundisha kwa sababu hata toleo wanalolijua wengi ni usimulizi upya. Mfaransa Gabrielle-Suzanne de Villeneuve aliiandika mwaka 1740, ndefu, yenye mfanyabiashara mwenye watoto 12. Mwaka 1756 Jeanne-Marie Leprince de Beaumont, mlezi aliyeandikia wasichana aliowafundisha, akaifupisha na kubakiza watoto sita. Badiliko lake kubwa liko katika swali la kila usiku. Kwa Villeneuve, Mnyama anamwomba Mrembo alale naye. Kwa Beaumont, anamwomba awe mke wake. Sentensi moja imebadilika, na hadithi ya watu wazima ikawa ya watoto. Riwaya nyingi za mahaba za leo, kwa roho yake, zinarudi kwa Villeneuve.

Sasa tazama pengo. Kwa Beaumont, Mrembo anakaa katika kasri miezi mitatu, na Mnyama humjia kila siku saa tatu usiku wakati wa chakula. Miezi hiyo mitatu inapita kwa mistari michache tu. Tunaambiwa amemzoea, hatuoneshwi namna alivyomzoea. Hapo ndipo riwaya inapojengwa. Mwandishi mzuri huacha mwanzo na mwisho karibu kama ulivyo, akatumia sehemu kubwa ya kurasa zake katika ule muda ambao ngano iliuruka. Anayeharibu hufanya kinyume: anarefusha safari ya baba na kisa cha waridi hadi theluthi ya kitabu, kisha wapenzi wanapendana kwa sura mbili, na msomaji hasadiki.

Laana nayo inataka kanuni: nani ameiweka, kwa nini, inaondoka kwa njia gani, na inazuia nini. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo husahauliwa, nayo ndiyo yenye utamu. Kwa Beaumont, kichimbakazi mwovu hakuishia kumbadili sura mwana wa mfalme; alimkataza pia kuonesha akili yake. Ndiyo maana Mnyama huongea kama mtu asiye na akili nyingi. Mrembo hana sura wala maneno matamu ya kumvuta, amebakiwa na wema wa Mnyama peke yake. Laana ya namna hiyo inaendesha kila mazungumzo. Isiyokuwa na kanuni huondoka pale mwandishi anapochoka, na mwisho unaonekana wa bahati. Kuna pia hatari ya sura kubadilika: msomaji amempenda Mnyama kwa kurasa mia tatu, halafu anakabidhiwa kijana mzuri asiyemjua. Dawa ni kumwachia alama fulani ya umnyama wake, au kuonesha mapema mtu aliyemo ndani.

Kosa zito kuliko yote ni la mateka. Mwanamke amefungiwa, na aliyemfungia ndiye mpenzi. Hofu na mapenzi zinachanganyika. Waandishi wengine hulifunika jambo hili kwa kumfanya mfungaji mpole. Haitoshi. Ngano yenyewe ilishatoa jibu: Mnyama anamruhusu Mrembo arudi kwao kwa juma moja, akijua kuwa asiporudi yeye atakufa. Mlango ulikuwa wazi, na Mrembo akarudi kwa hiari yake. Ukiliondoa tukio hilo, au ukimrudisha kwa nguvu, huna tena mahaba.

Kuhusu haki za uandishi, ngano za Villeneuve, za Mfaransa Perrault za mwaka 1697 na za ndugu Grimm wa Ujerumani za kuanzia 1812 ziko huru kwa kila mtu. Zisizo huru ni nyongeza za watu wa karibuni. Gaston, mwindaji anayetaka kumwoa Mrembo, kwa mfano, hayumo kabisa kwa Beaumont. Ametoka katika filamu ya Disney ya 1991. Kwa hiyo soma ngano ya zamani kwanza, usiandike kwa kukumbuka filamu.

Swali ambalo ngano haikulijibu ndilo mbegu ya riwaya. Kwa nini Cinderella anatii kila anachoambiwa? Gail Carson Levine, mwaka 1997, alijibu katika Ella Enchanted kwamba amerogwa awe mtiifu, na kisa kizima kikaota kutoka hapo.

Pwani yetu pia ina mapengo kama haya. Katika kisa cha Sultani Darai, kilichochapishwa na mmisionari Mwingereza Edward Steere mwaka 1870 kutoka kwa wasimulizi wa Zanzibar, paa anamwoza maskini binti wa sultani, jinsi paka mwenye viatu katika ngano ya Ulaya alivyomfanyia bwana wake. Mume anamsahau paa hadi paa anakufa, na mwisho mume anajikuta tena jaani, mke akiwa kwao. Kama mke huyo aliwahi kumpenda, kisa hakisemi.