Bendera Hailiwi

Wiki iliyopita mteja mmoja alinipigia simu kuagiza chakula cha jioni cha watu kumi na wawili nyumbani kwake, Forest, hapa Mbeya. Tulipokwisha kuafikiana juu ya supu ya boga, tambi kwa mchuzi wa nyanya, na bei, akaongeza kwa sauti ya mtu aliyelipima jambo lake: "Na kwa kuwa chakula ni cha Kiitaliano, dada, bila shaka utatupigia Vivaldi." Nilimjibu kwamba tutaangalia. Nimewajibu hivyo watu wengi kwa miaka mingi, lakini safari hii jibu lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki, na ndiyo sababu ninaandika.

Kwa wasionifahamu, ninapika katika nyumba za watu na kuwachagulia muziki wa klasiki wa kusikilizwa wakati chakula kinapikwa na kinapoliwa. Kabla ya hapo niliimba alto katika kwaya ya kanisa tangu nikiwa msichana. Imani inayonichosha ni kwamba nusu ya pili ya kazi hii haihitaji akili yoyote: unatazama chakula kimetoka nchi gani, unatafuta mtunzi wa nchi hiyo, unawasha spika. Soseji zinapewa Bach, supu ya biti inapewa Tchaikovsky, tambi zinapewa Vivaldi, na mambo yamekwisha. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa kwamba vinaendana.

Haya, tuvipange kwa bendera. Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685, akaenda kujifunza Italia, akawaandikia Waingereza opera za Kiitaliano, akafa London mwaka 1759. Nimwekee soseji, tambi, au samaki na chipsi? Bizet alikuwa Mfaransa wa Paris, opera yake ya Carmen ya mwaka 1875 inasimulia mambo ya Sevilla, na ule wimbo wake maarufu kuliko yote ni habanera, yaani mdundo uliobeba jina la Havana, Kuba, na sauti yake Bizet aliichukua kwa Mhispania Yradier akidhani ni wimbo wa asili usio na mwenyewe. Katika baleti ya Tchaikovsky ya mwaka 1892, ile ya kivunja-njugu, kuna ngoma ya chokoleti, ngoma ya kahawa na ngoma ya chai. Ya kahawa huitwa ya Kiarabu, ilhali sauti yake ni ya wimbo wa kubembelezea watoto kutoka Georgia, ile nchi ya milima ya Kaukasia. Mtu anayepanga meza yake kwa pasipoti atafika hapo na kukwama, kama ana uaminifu.

Vyakula navyo havina uraia wa kuaminika. Nyanya zilitoka bara la Amerika, na viazi mviringo tunavyoviita vya Uyole kana kwamba viliumbwa hapo vilianzia milima ya Andes. Mapishi ya tambi kwa mchuzi wa nyanya yanaanza kuonekana katika vitabu vya upishi vya Italia mwishoni mwa karne ya 18, wakati Vivaldi alifariki mwaka 1741, tena Vienna. Mteja wangu anataka kumuunganisha marehemu na sahani ambayo huenda hakuwahi kuionja.

Mimi ninaangalia vitu vingine kabisa. Ninaangalia chakula kinabadilikaje sufuriani, kinatoa sauti gani mdomoni, na kinaliwa kwa mwendo gani. La pili nitalimaliza upesi kwa sababu halina ubishi: chakula kinachokatika kwa kelele, kama chipsi, mihogo ya kukaanga au ganda la nyama ya nguruwe iliyokaushwa vizuri, kinaujaza mfupa wa kichwa cha mlaji kelele, na muziki wowote mnyamavu unaopigwa wakati huo umepotea bure. Kwa vyakula hivyo ninaweka vyombo vya kupuliza, kama walivyofanya mabwana wa Vienna waliokuwa na vikundi vya zumari, klarineti na pembe kwa ajili ya mezani. Mozart aliiweka desturi hiyo jukwaani katika Don Giovanni, mwaka 1787: bwana anakula, kikundi kinapuliza, na mtumishi wake Leporello, aliyeiba kipande cha nyama ya ndege, anaamriwa apige mluzi na hawezi kwa sababu mdomo umejaa. Ndizi za Tukuyu zilizopikwa kwa nazi hazina kelele yoyote, na hapo ndipo piano ya Chopin inapopata nafasi ya kusikika.

Lakini lile la kwanza, la chakula kinavyobadilika sufuriani, ndilo ambalo ningeweza kulizungumzia hadi jogoo awike. Chukua risoto, wali mzito wa Milan. Unakaanga kitunguu katika siagi bila kukiachia rangi, unatia mchele mfupi wa mviringo, unaugeuza hadi upate joto, unamimina divai kidogo, kisha unaanza kuongeza supu ya moto upawa mmoja mmoja, ukikoroga, ukingoja mchele unywe kabla ya kuongeza mwingine. (Nimejaribu kwa mchele wa Kyela. Unanukia hadi kwa jirani, lakini kwangu haujawahi kutoa ule uzito wa uji unaotakiwa, kwa hiyo ninauachia pilau.) Anayetazama kwa mbali ataona mwanamke anakoroga kitu kilekile kwa dakika ishirini. Anayesimama karibu na jiko ataona kwamba kila upawa unakuta mchele tofauti: wa kwanza unanyonywa kwa ubishi na kelele za mafuta, wa nne unapokelewa kimya, na kufikia wa sita mwiko unaacha njia chini ya sufuria inayofunga polepole nyuma yake.

Sasa sikiliza Boléro ya Ravel, iliyochezwa mara ya kwanza Paris mwaka 1928. Ngoma ndogo ya kijeshi inaanza chini kabisa, na mpigaji anairudia fomula ileile mara 169 bila kubadili mwendo. Filimbi inaimba, klarineti inaipokea, kisha chombo kingine na kingine, sauti ileile ikiongezewa upawa mmoja mmoja. Ufunguo haubadiliki hadi karibu na mwisho kabisa, ambapo wote wanaruka ghafla kutoka C kwenda E, wanarudi, na jengo zima linaporomoka. Mruko huo ninaungoja nikiwa nimekwisha kuzima jiko, siagi ya baridi na jibini vikiwa mkononi, kwa sababu hapo ndipo risoto inapopigwa kwa nguvu nje ya moto ili ing'ae. Wageni waliosimama jikoni na glasi zao huwa wanacheka kwa furaha bila kuambiwa sababu. Mtunzi alikuwa Mfaransa mwenye mama wa Kibaski, jina la ngoma ni la Kihispania, chakula ni cha Milan, mpishi ni Mnyakyusa, na hakuna kilichokataa kuendana na mwenzake.

Hapa huwa inazuka imani ndogo, mtoto wa ile kubwa, kwamba basi wimbo unaweza kutumika kama saa ya jikoni. Tafadhali, isiwe kwangu. Kwanza, wapigaji hawakubaliani: Boléro nyingine inakwisha kwa dakika 13 na nyingine inazidi 16, na Ravel mwenyewe aligombana na Toscanini, kiongozi wa okestra, mwaka 1930 kwa kuiendesha mbio. Pili, tunaishi milimani. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, kwa hiyo muda ulioandikwa katika kitabu cha mpishi wa pwani, awe wa Napoli au wa Tanga, haukuhusu. Risoto ya dakika 18 kwangu inavuka 20, kwa hiyo ninawasha ngoma ya Ravel baada ya upawa wa pili, tena kwa kuutazama mchele. Kuhusu maharage makavu, hakuna simfoni iliyotungwa yenye urefu wa kutosha. Weka sufuria jikoni asubuhi, sikiliza opera nzima, na bado utaongeza maji.

Jambo jingine ambalo mteja haliulizi kamwe ni chumvi. Watafiti wa Uingereza walionyesha mwaka 2011 kwamba kelele kubwa inamfanya mlaji aone chumvi na utamu vimepungua. Kwa hiyo ukionja mchuzi jikoni kwa utulivu, kisha ukaupeleka kwenye chumba ambamo tarumbeta zinarindima, utaambiwa chakula kimepooza. Mimi ninaonja mara ya mwisho muziki ukiwa umewashwa kwa sauti ileile itakayotumika, na ikibidi kuchagua, ninapunguza spika kabla sijaongeza chumvi.

Nikiri na yale nisiyoyaweza. Watu wa Oxford wanaochunguza uhusiano wa masikio na ulimi wameonyesha kwamba walaji huoanisha sauti za juu na utamu, na sauti nzito na uchungu. Waliwapa watu peremende ya sukari iliyounguzwa na muziki wa aina mbili, na ukadiriaji wao wa uchungu ukasogea kufuata muziki. Nilifurahi sana niliposoma, nikajaribu kwa kahawa ya Mbozi isiyotiwa sukari: kikombe kimoja na selo, kingine na filimbi, kahawa ileile kutoka birika lilelile. Baadhi walisema ya selo ilikuwa chungu zaidi, baadhi wakasema kinyume, na mzee mmoja akasema kikombe cha pili kilikuwa kimepoa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Nimerudia mara kadhaa na bado siwezi kuahidi mtu yeyote kitu. Ninapenda kumwekea Bach kahawa, kwa kuwa alitunga kantata nzima, yaani mfululizo wa nyimbo za waimbaji na vyombo, juu ya binti anayekataa kuacha kuinywa, lakini hiyo ni hadithi ya kuwasimulia wageni, na haijathibitisha lolote kwenye ulimi.

Lililonifundisha adabu zaidi, hata hivyo, lilitokea miaka kadhaa iliyopita, katika chakula cha mchana cha familia moja ya wazee. Nilipika nyama ya ng'ombe iliyochemka polepole kwa saa nne, laini, ya kuliwa bila haraka, na nikachagua sehemu za Mateso ya Mathayo ya Bach, utunzi wake juu ya kuteswa kwa Yesu, kwaya tupu, sauti nne zilizokaa pamoja kama mchuzi uliotulia. Kwa kanuni zangu zote ulikuwa uchaguzi sahihi. Ilipofika ile korali, yaani tenzi ya kanisani, ya kichwa kilichojeruhiwa, vijiko vilianza kuwekwa chini, kimoja baada ya kingine. Baba wa nyumba aliniita pembeni, akaniambia kwa upole ambao bado unaniumiza: "Mwanangu, huu tunauimba Ijumaa Kuu. Na ndio tuliomzikia mdogo wangu." Mimi niliyeuimba wimbo huo nikiwa alto kwa miaka yote ile nilikuwa nimesikia mpangilio wa sauti tu. Ukitaka kujua kejeli iliyomo, mtunzi Mjerumani Hassler aliitoa sauti hiyo mwaka 1601 kama wimbo wa mapenzi, wa kijana aliyechanganywa akili na msichana. Lakini mzee yule hakuwa na haja ya somo la historia, na chakula kilikuwa kimekwisha kupoa.

Tangu siku hiyo ninauliza kabla ya kuchagua, na kwa sababu hiyo sina budi kuiachia bendera nafasi ndogo, ingawa inaniuma. Katika duka moja la Uingereza muziki wa Kifaransa uliwafanya wateja wachukue zaidi divai ya Kifaransa, na wa Kijerumani ukawavuta kwenye ya Kijerumani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Sikatai. Ila huko ni kununua chupa, bado haijafunguliwa, na kinachofanya kazi ni kumbukumbu ya mnunuzi, ileile iliyoshusha vijiko vya wazee wale. Nchi ya mtunzi inahusika pale tu mlaji anapokuwa ameibeba moyoni, na kwa wengi wetu hapa Mbeya, Italia ni picha kwenye paketi ya tambi.

Kuhusu agizo la Forest, nimekwenda kuiona nyumba. Ni ya zamani, ina mahali pa kuotea moto sebuleni, na mwenyewe ameniambia kwamba usiku huo wa Julai, baridi ya mlima Loleza ikishuka, ataweka kuni. Tambi nitazipa kikundi cha kupuliza cha Mozart, kwa sababu watu kumi na wawili wenye uma na sahani wana kelele zao. Lakini supu ya boga ni laini, inaliwa watu wakiwa bado wanajikunyata, na kila nikitafuta muziki wa kuifaa ninarudi kwenye sehemu ya pili ya Majira ya Baridi, iliyochapishwa mwaka 1725: fidla moja inaimba bila haraka, nyuma yake nyuzi zinadonolewa kama matone juu ya paa, na shairi lililoambatana nayo linazungumzia mtu aliyetulia karibu na moto wakati wengine wanalowa nje. Inachukua dakika mbili hivi, kwa hiyo nitairudia.

Ni ya Vivaldi, ndiyo. Najua mteja atanitazama vipi nitakapoiwasha, na najua kwamba nitakuwa na upawa mkononi na sitapata nafasi ya kumweleza.