Barafu ya Mgeni na Barafu ya Mwenyeji

Nafundisha ushairi linganishi, na kila tukifika kwenye mashairi ya nchi za barafu naona wasomaji wanawakimbilia washairi wa Ulaya. Kuanza nao ni sawa. Kuishia hapo ni hasara kubwa.

Chukua shairi refu la Mwingereza Samuel Taylor Coleridge kuhusu baharia mzee, lililochapishwa mwaka 1798. Dhoruba inaisukuma meli hadi kusini ya mbali, inazingirwa na barafu yenye kimo cha mlingoti na rangi ya zumaridi. Barafu inapasuka, inanguruma. Hakuna mtu wala mnyama, hadi anapotokea albatrosi, ndege mkubwa wa baharini. Coleridge alipolitunga hakuwa amewahi kusafiri baharini. Ila katika shule aliyosoma, mwalimu wa hisabati alikuwa William Wales, mwanaastronomia aliyesafiri na mvumbuzi wa baharini Kapteni James Cook kati ya 1772 na 1775 hadi kwenye barafu ya kusini.

Sasa msikilize Orpingalik, malenga na mwindaji wa Netsilik, kundi la Wainuiti, wenyeji wa nchi za barafu kaskazini mwa Kanada. Utungo wake, ambao aliuita pumzi yake, uliandikwa na Knud Rasmussen, mtafiti mzaliwa wa Greenland aliyefika kwao mwaka 1923. Orpingalik anaumwa tangu majira ya vuli. Amelala hoi kama mtoto mchanga, na kwa kumhurumia mkewe anatamani aende kwa mume mwingine mwenye nguvu. Ndipo kumbukumbu zinamjia. Dubu mweupe anamkimbilia, akidhani dume ni yeye peke yake. Dubu anambwaga chini, anambwaga tena. Kisha Orpingalik anamkumbuka sili mnene, mnyama wa baharini: alikuwa ameshamchuna pale juu ya barafu wakati majirani ndio kwanza wanaamka.

Humu barafu haisifiwi wala haiogopwi. Ndiyo ardhi anayoikanyaga, na ndiko chakula kinakotoka. Kinachomuumiza mzee huyu ni kuwa mzigo nyumbani kwake, na kwangu mimi hakuna shairi la baharia lenye uchungu wa namna hiyo.

Mwaka 2018 washairi Aka Niviâna wa Greenland na Kathy Jetñil-Kijiner wa Visiwa vya Marshall, katika Bahari ya Pasifiki, walitunga shairi la pamoja, wakarekodiwa wakilisoma juu ya barafu ya Greenland. Wanaitana dada, wanapeana makombe ya baharini na mawe, kwa kuwa barafu ya mmoja ikiyeyuka, bahari inapanda kwenye visiwa vya mwenzake. Anayetaka kuanza kusoma namwelekeza kwa Orpingalik, kisha kwa hawa wawili, halafu ndipo amsome Coleridge.