Kwa Nini Niligoma Kuingia Korongoni Saa Saba Mchana

Shemeji yangu wa Kisumu hakunisamehe haraka. Alisafiri usiku kucha kwa matatu, akafika kwetu Nakuru alfajiri, akanywa chai ya kusimama, kisha tukabanana garini watu wazima watatu na watoto watatu, pamoja na mahema mawili, sufuria, na mtungi wa gesi uliogonga magoti ya mtu kila tulipovuka tuta. Safari yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya korongo la Njorowa, ndani ya mbuga ya Hell's Gate, Naivasha. Tukafika pale njia inapoanza kuteremkia korongoni. Ilikuwa saa saba, jua linawaka, mchanga mkavu kama unga. Nikasema hatuingii.

Ilikuwa Desemba 2017, shule zimefungwa. Tangu hapo, kila ninapojulikana kuwa ninapima maji ya mito kwa riziki yangu, kuna mzazi anayeniuliza kama korongo lile ni salama kwa watoto. Jibu haliingii kwenye ujumbe mfupi, basi nilieleze hapa.

Ziwa Naivasha halina mto unaotoka. Malewa na Gilgil, mito ambayo nimesimama kwenye kingo zake miaka mingi nikisoma ubao wa kina, huingia ziwani, na hakuna hata mmoja unaoonekana ukitoka upande wa pili. Maji hupenya chini kwa chini, ndiyo maana Naivasha ni maji baridi ya kunywesha ng'ombe, ilhali majirani zake Nakuru na Elementaita ni magadi matupu. Lakini maelfu ya miaka iliyopita, mvua ilipokuwa nyingi kuliko sasa, ziwa lilijaa hadi likafurika kusini. Mfuriko huo ndio uliokata Njorowa. Zile kuta zilizolainika kama mgongo wa nyangumi, zile kona ambako ukinyoosha mikono unakaribia kugusa pande zote mbili, ni kazi ya maji. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Mimi hulipwa mshahara kulithibitisha hilo.

Ziwa lilishuka, mlango ukabaki wazi. Leo kinachopita mle ni mvua inayonyesha kwenye miteremko iliyo juu ya korongo. Na udongo wa huko ni majivu ya volkano. Mgeni akiushika mkononi hudhani utanyonya maji kama sifongo. Matone makubwa yakianza kuupiga, chembe zake ndogo huziba matundu, juu pakafanya ngozi ngumu, na maji yakateleza kama juu ya bati. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu naiogopa hasa kwa sababu hiyo.

Shemeji ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo nilimchorea mambo haya mchangani kwa kijiti. Milimita 1 ya mvua juu ya kilomita mraba 1 ni lita milioni moja. Tuseme eneo linalomimina maji yake katika korongo fulani ni kilomita mraba 10 tu, na wingu moja la alasiri limeangusha milimita 20, mvua ambayo sisi wa Nakuru hatuoni hata haja ya kuisimulia. Hizo ni lita milioni 200. Nusu ipotee ardhini, nusu iteremke kwa muda wa saa moja: karibu lita 28,000 kila sekunde. Zipitishe kwenye mwanya wenye upana wa mita 4, zikienda mita 3 kwa sekunde, na kina kinapita mita 2. Hizo si namba za Njorowa, ni za kijiti na mchanga, lakini ukizipunguza mara kumi bado mtoto wa miaka saba hasimami. Maji yaendayo kasi yakifika sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Na hayaji kwa mpangilio wa hesabu, kidogo kidogo kwa saa nzima. Huja na kichwa, kimebeba matope, mawe na magogo.

"Lakini shemeji, mvua iko wapi?" aliniuliza, akinionyesha anga juu ya vichwa vyetu. Ilikuwa bluu tupu.

Hapo ndipo watu wanapopotea. Anga ya kutazama si ile iliyo juu yako, ni ile iliyo juu ya miteremko inayokumiminia maji. Ukishaingia kati ya kuta huwezi kuiona tena; unaona utepe tu wa mbingu. Siku ile, kabla hatujateremka, niliona wingu limesimama juu ya vilima, kichwa cheupe kama koliflawa, tumbo jeusi. Halikuwepo saa nne. Kisha nikasikia ngurumo, moja tu, ya mbali. Ngurumo husikika kwa umbali wa kilomita kumi na zaidi, kwa hiyo ukiisikia, mvua iko katika mtaa wako. Mume wangu, ambaye kwa miaka kumi na miwili ameishi na mtu wa kutazama mawingu, aligeuza gari bila kuuliza.

Aprili 2012 vijana saba waliokuja na kundi la kanisa walikufa katika korongo hilo hilo. Nilimkumbusha shemeji. Alinyamaza, lakini alinyamaza kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

Kwa hiyo alasiri yetu ikawa ya juu ya korongo. Watoto walikodi baiskeli, wakapita katikati ya pundamilia na ngiri. Hell's Gate ni moja ya mbuga chache hapa nchini ambako unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya wanyama. Nyati wapo, kwa hiyo hatukuwaacha watangulie. Walipigia kelele pimbi kwenye Fischer's Tower, jiwe lile lililosimama peke yake karibu na lango la Elsa, ambalo ni uji wa volkano ulioganda ndani ya koo lake. Waliokota vipande vya mawe meusi yanayong'aa kama kioo cha chupa, nikawaeleza kwamba watu wa Enzi ya Mawe waliyachonga visu, kisha nikawaambia warudishe chini. Kitinda mimba alilia.

Tulipiga kambi Naiburta, juu, kwenye uwanja unaotazama magenge ya miamba. Hapo tena nilivutana na shemeji. Alikuwa amepata sehemu nzuri ya hema lake: tambarare, laini, haina mawe. Nilimwuliza ni nani alimfagilia. Mchanga uliolala sawa namna hiyo umelazwa na maji, hata kama kijito chenyewe hakifiki upana wa kitanda. Alihamia kwenye mawe, akanilaani kwa Kijaluo, nikajifanya sielewi.

Nguo za baridi, jamani. Watu wa Kisumu hudhani palipo na vumbi ni pa joto. Pale ni karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na saa nane usiku shemeji alikuwa amevaa soksi mikononi. Chakula fungieni garini. Nyani hawaogopi wanawake wala watoto, na chapati sita zilikwenda hivyo. Maji, sisi hubeba lita tatu kwa kila kichwa kwa siku, za kunywa peke yake.

Asubuhi tuliingia. Saa moja na nusu, tukiwa na mwongozaji Mmasai wa pale, anga safi pande zote, na tukiwa tumeuliza langoni kama usiku kulikuwa na mvua popote. Mvua za alasiri hujengwa na joto la mchana, kwa hiyo asubuhi ndiyo saa ya korongo. Niliwafundisha watoto kutafuta alama: majani makavu na vijiti vilivyokwama kwenye nyufa, mstari wa tope ukutani. Hapo maji yalifika. Kijiti kimoja kilikuwa kimekwama juu ya kichwa cha baba yao. Niliwafundisha pia kutazama njia ya kupandia kila baada ya kona, na kwamba maji yakigeuka rangi ghafla, au mkasikia mvumo kama wa lori mahali pasipo na barabara, hakuna kuokota kiatu. Mnapanda. Vijito vya maji moto vinavyotiririka kutoka ukutani viliwachanganya kidogo, kwa sababu vingine ni vya uvuguvugu wa kuoga na vingine vinaunguza ngozi. Joto hilo hilo la chini ndilo linalozalisha umeme wa Olkaria jirani tangu 1981.

Karibu na mahali tulipogeukia jana yake, mchanga ulikuwa umechanwa upya, una unyevu. Maji yalikuwa yamepita. Shemeji alichuchumaa, akapima mstari wa majani mabichi kwa kiganja. Ulifika kwenye kifundo cha mguu.

"Hii ndiyo mafuriko yako?"

Sikuwa na jibu la kumfurahisha. Wingu lile lingeweza kumwaga ya kifundo au ya shingo, na kutoka pale nilipokuwa nimesimama saa saba mchana yote mawili yalikuwa na sura moja. Kwa karibu miaka miwili, kila tulipokutana arusini au matangani, alinisalimu kwa kuinama na kugusa kifundo chake.

Septemba 2019 maji yaliua watu saba mle ndani, mwongozaji wao akiwa mmoja wao, na KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia mbuga, wakalifunga korongo. Habari zilipotoka shemeji alinipigia simu. Aliuliza ile mvua ilikuwa milimita ngapi. Nilimwambia sijui. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimrudie ile hesabu ya mchangani, polepole, aiandike.