Je, wajua kwa nini karata zinahitaji lugha yao ya kompyuta?

Wazee wanaocheza karata Unguja na Pemba wana majina yao ya zile karata tatu za picha. Mfalme ni mzungu wa nne. Yule kijana ambaye wengi siku hizi tunamwita jeki ni mzungu wa tatu. Malkia ni mzungu wa pili. Nilipokuwa mdogo nilidhani hivyo ni vyeo tu, nikawa najiuliza mbona malkia amewekwa chini ya kijana wake. Jibu limo kwenye hesabu. Katika mchezo wa karata uitwao wahedusitini mfalme ana pointi 4, jeki 3 na malkia 2, kwa hiyo jina la karata ndiyo bei yake.

Endelea na hesabu hiyo. Ree, yaani karata ya moja, ina pointi 11, saba ina 10, na karata nyingine hazina kitu. Kila aina, yaani kopa, uru, shupaza na pao, inabeba 11 na 10 na 4 na 3 na 2, jumla 30. Aina ziko nne, kwa hiyo mchezo mzima una pointi 120. Nusu yake ni 60, na anayefika 61 hawezi tena kushindwa. Wahed ni moja kwa Kiarabu, na sitini unaijua. Jina la mchezo ni sharti la ushindi.

Nimeanza na majina kwa sababu ndiyo yaliyonifungua macho nilipojaribu kutengeneza lugha ndogo ya kompyuta ya kuandikia michezo ya karata. Nilidhani kazi itakuwa kubuni maneno. Kumbe maneno yapo barazani zamani, na yamepimwa kuliko ambavyo ningeweza kuyapima mimi. Mengine yalikuja na Wareno: karata, kopa, uru, shupaza, pao, turufu, yote yana ndugu zake katika Kireno. Hata pointi zenyewe. Ureno mpaka leo wanacheza mchezo uitwao sueca, na humo pia saba inakaa chini ya ree tu, na malkia yuko chini ya jeki.

Sasa, kwa nini lugha nzima? Si mtu aandike tu programu ya wahedusitini, iishe?

Inawezekana, na wengi hufanya hivyo. Taabu huanza unapoipeleka baraza la pili. Kwetu ikitupwa kopa na wewe unayo kopa, lazima utupe kopa. Baraza jingine wanakuacha utupe utakacho. Hapa turufu, yaani aina inayozila aina nyingine zote, ni ile ya karata ya mwisho aliyojigawia mgawaji, pale wanaichagua kwa njia nyingine. Kila tofauti inamrudisha fundi ndani ya programu, akapekue mistari mamia kutafuta pa kubadilisha, na mchezaji anayeijua sheria vizuri kuliko fundi hana la kufanya ila kungoja. Lugha ndogo inamkabidhi kazi mwenyewe. Jambo hili si geni. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM walitoa lugha ya kuulizia hifadhidata, ambayo leo inaitwa SQL, na wazo lao lilikuwa hilo hilo: mtu aseme anachotaka, na kompyuta ijue njia ya kukipata.

Mchezo wetu katika lugha hiyo ndogo unaandikwa hivi:

mchezo wahedusitini
wachezaji 4, wawili wawili
ondoa 8, 9, 10
ukubwa ree, 7, wanne, watatu, wapili, 6, 5, 4, 3, 2
pointi ree = 11, 7 = 10, wanne = 4, watatu = 3, wapili = 2
changanya
gawa 10
turufu karata ya mwisho ya mgawaji
fuata lazima
kula turufu kubwa, au kubwa ya aina iliyoanza
shinda 61

Mchezaji yeyote wa barazani anaweza kuusoma, hata kama hajawahi kugusa kompyuta. Nadhani hicho ndicho kipimo cha kwanza cha lugha ya namna hii, na kipimo kikubwa kuliko vyote.

Kompyuta inausoma kwa hatua. Kwanza inakata maandishi kuwa neno moja moja. Kisha inayapitisha kwenye sarufi, yaani sheria zinazosema baada ya neno "gawa" lazima ije namba, na baada ya "pointi" lazima zije jozi za karata na thamani zake. Desturi ya kuandika sarufi za lugha za kompyuta kwa fomula fupi ilienea kupitia ripoti ya lugha ya ALGOL ya mwaka 1960, kazi ya akina John Backus na Peter Naur, na mpaka leo ndivyo watu wanavyoanza. Mwisho mkalimani, ambayo nayo ni programu, anatekeleza mstari baada ya mstari.

Kiswahili kina mitego yake hapo. Kitenzi chetu kinabeba mtu na wakati: anagawa, amegawa, watagawa. Ukiiruhusu kompyuta ikubali yote hayo, sarufi inakuwa msitu. Nikaamua kila tendo liandikwe kwa sura ya kuamrisha, gawa, tupa, fuata, na nikaandika kanuni ya kuondoa "ku" mwanzoni mwa kitenzi endapo mtu ataandika "kugawa" au "kutupa". Kanuni ikafanya kazi vizuri mpaka ilipokutana na "kula". Ikaondoa "ku", ikabaki "la", neno ambalo tayari nilikuwa nimeliweka kwa maana ya kukataa. Vitenzi vya silabi moja havikubali kuvuliwa "ku" yao katika amri, na mtoto wa miaka minne anajua hivyo bila kufundishwa. Mimi nilihitaji jioni nzima kuligundua kosa.

Angalia pia mstari wa "ukubwa". Programu nyingi za karata zimejengwa zikiamini kwamba mfalme yuko juu ya malkia, malkia juu ya jeki, na saba ni kikaratasi cha kati. Imani hiyo ikifungiwa ndani ya lugha, wahedusitini haiandikiki kamwe, kwa sababu kwetu saba inamla mfalme. Kwa hiyo lugha isijue lolote kuhusu ukubwa mpaka iambiwe.

Mambo mawili ndiyo yanayoitenga karata na bao au drafti: bahati na siri.

Bahati imo katika neno "changanya". Linaonekana jepesi, lakini hapo ndipo mafundi wengi huteleza. Chukua karata tatu tu. Njia inayomjia mtu haraka ni kupita kila karata na kuibadilishana nafasi na yoyote kati ya zote tatu. Hiyo inatoa njia 3 × 3 × 3, yaani 27, zenye uwezekano sawa. Lakini karata tatu zinaweza kupangika kwa namna 6 tu, na 27 haigawanyiki kwa 6. Basi lazima baadhi ya mipango itokee mara nyingi kuliko mingine, na mchezo umepinda kabla hujagawa. Dawa yake ni ndogo: ukishaweka karata katika nafasi yake usiiguse tena, uchague kutoka zilizobaki tu. Njia zinakuwa 3 × 2 × 1, sita kamili. Ronald Fisher na Frank Yates waliieleza njia hiyo mwaka 1938 kwa kalamu na karatasi, na Richard Durstenfeld akaitolea sura ya kompyuta mwaka 1964. Kwa karata zetu 40, idadi ya mipango ni namba ya tarakimu 48. Anayeandika mchezo hana haja ya kuyajua haya. Aandike "changanya", na aliyeijenga lugha awe amelipa deni hilo kwa niaba yake.

Siri ni ngumu zaidi. Kwenye bao kete zote ziko wazi, mimi naziona nawe unaziona. Kwenye karata kila mtu anaishi katika ulimwengu wake. Chuo Kikuu cha Stanford walianzisha mashindano ya programu zinazoweza kucheza mchezo wowote zinaopewa maelezo yake, na mwaka 2005 yakafanyika kwa mara ya kwanza. Lugha yao ya kuelezea michezo ilitosha kwa drafti na sataranji, lakini karata ilizishindwa, kwa kuwa haikuwa na namna ya kusema "kitu hiki kimetokea kwa bahati" wala "huyu anaona, yule haoni". Mwaka 2010 Michael Thielscher aliipanua kwa kuongeza maneno mawili tu, moja la bahati na moja la kuona. Maneno mawili, na michezo ya karata ikaingia.

Nililichukua funzo hilo kama lilivyo. Katika lugha yangu kila mahali karata inapoweza kukaa pana mwenye kuona: mkononi anaona mwenyewe, mezani wanaona wote, na rundo lililoliwa halionwi na mtu. Mwandishi akisahau kutaja, jibu ni siri. Afadhali mchezo ulalamike kwamba karata haionekani kuliko kumwonyesha mtu mkono wa mwenzake.

Neno lililonipa mawazo mengi ni "lazima". Barazani mtu anaweza kuwa na kopa akaificha, akatupa turufu, akala. Duru tatu baadaye kopa ile inatokea, na hapo kelele zinafika mpaka mtaa wa pili. Kompyuta inaweza kumzuia tangu mwanzo, karata isitupike kabisa. Mwanzoni nilifanya hivyo na niliona nimeboresha mchezo. Ami yangu alipoujaribu alinirudishia simu akasema, "Huu umemtoa mchezaji macho." Alikuwa sahihi. Kukumbuka nani alikosa kopa lini ni nusu ya ustadi wa wahedusitini. Nikagawa neno lile mara mbili: "fuata lazima" inamzuia mchezaji, na "fuata kwa adhabu" inamwacha atupe atakacho, ila kompyuta inakumbuka, na mpinzani akidai mbele ya wote, mkosaji na mwenzake wanapoteza mchezo.

Baada ya hapo kompyuta iliuliza swali ambalo sikuwa nimeliandikia jibu. Pande zote mbili zilimaliza na 60. Hakuna aliyefika 61, na mkalimani akasimama pale pale akingoja. Nikampigia ami. "Hamna aliyeshinda," akasema, "na yule yule aliyegawa ndiye anagawa tena." Mstari wa kumi na mbili ukawa:

sare gawa tena, mgawaji yule yule