Hesabu za kichwa ni nini, na vijana kazini wamepoteza kipi?

Mifuko 12 ya saruji, kila mmoja shilingi 17,000. Kijana wa kaunta alibonyeza kalkuleta, akasoma, akaanza kuniandikia risiti ya 2,040,000. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri mzigo wake akasema: "Mwanangu, mifuko kumi ni laki na sabini. Hiyo milioni mbili umeitoa wapi?" Ilikuwa imezidi sifuri moja tu.

Hesabu za kichwa ni kupata jibu bila karatasi wala mashine. Wengi tukisikia hivyo tunakumbuka jedwali la kuzidisha tulilokaririshwa darasani, lakini kukariri ni sehemu ndogo. Kubwa ni kuvunja namba ngumu ziwe nyepesi, na kujua jibu litaangukia wapi kabla halijafika. Mzee yule hakuzidisha kwa 12. Alichukua kumi, na ile mifuko miwili iliyobaki hakuihitaji ili kuliona kosa.

Tazama mwenye duka wa zamani anavyorudisha chenji. Umenunua vitu vya 7,350, umempa noti ya elfu kumi. Hafanyi hesabu ya kutoa. Anapanda kutoka 7,350: hamsini, tumefika 7,400; mia sita, elfu nane; na elfu mbili, kumi. Anapomaliza kuhesabu, 2,650 iko tayari mkononi mwako.

Mwaka 1985 watafiti walichapisha matokeo ya watoto wachuuzi wa Recife, Brazili. Wakiulizwa hesabu za biashara pale pale mtaani, walipata takriban 98 kati ya 100. Hesabu za aina hiyo hiyo zilipoandikwa kama zoezi la shule, wakapata karibu 37. Mtoto mmoja, kwa nazi kumi za 35 kila moja, alianza na tatu, yaani 105, akaongeza tatu tatu hadi tisa, 315, kisha moja: 350. Njia hiyo aliipata kwa kuuza nazi.

Ndiyo maana sikubali vijana waitwe wavivu. Mashine inasoma bei yenyewe, skrini inaonyesha chenji, na mteja anayelipa kwa simu anatuma kiasi kamili. Muuzaji anaweza kumaliza siku bila kutoa wala kujumlisha hata mara moja. Konda wa daladala mwenye umri uleule, mwenye noti za watu watano mkononi na gari linakwenda, anahesabu vizuri kabisa. Kilichobadilika ni kazi.

Kasi iliyopotea hainisumbui sana, maana mashine inatushinda wote. Kinachoniumiza ni kupotea kwa ule mshtuko, mtu kuona jibu na kuhisi kwamba haliwezekani. Dukani tunasahihisha risiti, yameisha. Wodini ni jambo jingine. Dripu ya mililita 1,000 kwa saa 8 ni mililita 125 kwa saa. Kwa mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa kila mililita, hayo ni kama matone 42 kwa dakika, tone moja kila sekunde moja na nusu hivi. Muuguzi kijana akibonyeza vibaya na skrini ikamwandikia 420, anapaswa kusita kabla hajagusa mpira, kwa sababu hayo ni matone saba kila sekunde.