Kuziba ekzosi inayoliki "kwa muda" maana yake nini hasa

Gari likishazeeka ekzosi, yaani bomba la kutolea moshi, lazima itoboke, hilo halina ubishi, na gereji yoyote hapa Mwanza kuanzia Igoma mpaka Pasiansi utaambiwa "tuizibe kwa muda bosi, hela ikipatikana utabadilisha". Sasa wengi wakisikia "kwa muda" wanadhani inategemea ubora wa dawa anayopaka fundi. Hapana, kinachoamua ni tundu liko wapi.

Kuziba kwa muda ni kuzuia gesi isitokee njiani kwa kutumia kitu ambacho hakijaungana na chuma, kimekishikilia tu: bati, gundi, bendeji, klipu. Chuma kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinasinyaa, na barabara zetu za milimani zenye mawe zinalitikisa bomba kila siku, kwa hiyo kile kiraka lazima kitaachia tu, ni leo au mwezi ujao.

Ngoja nianzie mbele maana ndo kwenye kesi. Manifodi, lile chuma linalopokea moshi moja kwa moja kutoka kwenye injini, linaweza kufika nyuzi joto 600 na zaidi ukiwa umebeba mzigo unapanda mlima. Ile silikoni nyekundu inayouzwa kila duka la spea inavumilia kama nyuzi 300 hivi, na gundi ya chuma ya kuchanganya tyubu mbili nyingi hazifiki hata hapo. Kwa hiyo mtu akikupakia silikoni kwenye ufa wa manifodi amekupakia rangi tu, itaungua hata hujafika Magu. Kinachoweza kukaa pale angalau kidogo ni ile dawa maalumu ya ekzosi ya kwenye kikopo, nzito kama udongo wa kufinyangia, ambayo ikikauka inakuwa ngumu kama jiwe. Nayo ikipata mtikisiko inapasuka. Tena usiipake halafu ukaondoka na mwendo hapohapo, inachemka na kutoa mapovu, acha injini iungurume taratibu gari likiwa limesimama kwanza, dawa ipate joto la pole ikauke.

Kama gasketi ya manifodi, ile pakingi inayokaa kati yake na injini, ndo imeungua basi hapo hakuna kiraka, kuna kukaza nati tu, na hizo unakaza injini ikiwa ya baridi kabisa na kwa adabu, maana studi (boliti zinazokaziwa hizo nati) za gari la zamani zimeshaungua na kushikana na kutu, ukilazimisha inakatikia ndani ya silinda hedi, kile kichwa cha injini, na kazi ya dakika kumi inageuka kuwa ya kutoboa na kung'oa. Dalili ya liki ya huku mbele ni mlio wa tik tik asubuhi ukiwasha, ukishapata moto unapungua au unapotea kwa sababu chuma kimetanuka kikaziba. Watu wengi wamelipia kurekebishiwa tapeti (zile za vavu ndani ya injini, nazo hulia hivyo) kumbe ni gasketi. Angalia kama kuna masizi meusi pembeni ya maungio, hayo hayadanganyi.

Katikati ya bomba na kule kwenye sailensa mambo ni rahisi, joto limeshashuka sana. Hapo kiraka cha bati kinafanya kazi vizuri tu: unasugua kutu kwa brashi ya waya, unapaka dawa, unazungushia bati, unabana na klipu za chuma zile za kukazia hosipaipu. Bati la kopo la maziwa ya unga ni zuri kuliko kopo la soda, la soda ni aluminiamu, jepesi mno, linachanika mapema. Zipo pia bendeji za kuzungushia ambazo zinagandamana zikipata joto la ekzosi lenyewe, nazo siyo mbaya. Waya wa kufungia nondo unafaa kwa kuninginiza bomba lililoanguka, kuziba hauzibi.

Ile kamba ya asbesto waliyokuwa wanaisifia mafundi wa zamani achana nayo, vumbi lake linaua mapafu.

Na gesi yenyewe jamani. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, unaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, usingizi wa ajabu. Noah zile za zamani na Hiace injini iko chini ya siti za mbele, yaani liki ya manifodi iko chini ya dereva kabisa, kwa hiyo kwa hizo gari mimi siamini kiraka cha mbele hata kidogo, labda cha kukufikisha kwa fundi na vioo vyote vimeshushwa. Ila mlango wa nyuma usiuache wazi, gari likitembea linauvuta moshi wake lenyewe ndani. Na kwenye foleni ya kivuko pale Kamanga zima injini, gari likisimama moshi hauna pa kwenda.

Gari lenye sensa ya oksijeni, kile kifaa kwenye bomba kinachopima oksijeni iliyo kwenye moshi, lina tatizo jingine: liki ikiwa kabla ya sensa, hewa ya nje inaingia humo bombani, kompyuta inadhani mafuta ni machache inaongeza, unashangaa petroli inaisha tu na taa ya cheki injini inawaka. La kabureta halina habari na hayo.

Ukifika kwa mchomeleaji, bomba la kawaida anachomea bila shida, ila manifodi la chuma cha kumimina lazima alipashe moto kwanza na atumie vijiti vya kuchomelea chuma hicho, la sivyo linapasuka tena pembeni ya pale alipochomea. Na kabla hajaanza chomoa waya wa betri, kompyuta ya gari ni ghali kuliko ekzosi.