Sida si hesabu moja kwa watu wote

Dhana: Kila anayeacha mapenzi anapunguza Sida mjini.

Ukweli: Anajilinda yeye, hilo halina ubishi. Lakini mwaka 1996 mwanauchumi Michael Kremer alipiga hesabu ya wanaobaki. Watulivu, yaani wenye wapenzi wachache, wakijitoa, wanaoendelea kutafuta wapenzi ni wale wenye wapenzi wengi, na hatari ya kukutana na mwenye virusi inapanda kwa kila aliyebaki. Kampeni inayowafikia watulivu peke yao inaweza hata kuongeza maambukizi. Wapo walioelewa kwamba watulivu nao waongeze wapenzi. Mimi nasoma hivi: nguvu ziende kwanza penye hatari kubwa. Kwetu Lubumbashi hiyo ni barabara ya Kasumbalesa, ambako mashoferi wa malori ya shaba wanalala kwenye foleni ya mpaka wa Zambia. Kapoti na vipimo viwepo pale, tena usiku. Semina ya saa nne asubuhi katikati ya mji haimfikii shoferi huyo.

Dhana: Dawa za Sida zinawafanya watu wazembee.

Ukweli: Wengine huenda wakalegea, na modeli nzuri, yaani hesabu ya kukadiria maambukizi, huliingiza jambo hilo. Ila utafiti wa HPTN 052, uliofuatilia wapenzi ambao mmoja wao ana virusi, ulionyesha mwaka 2011 kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenzi kwa 96%. Uzembe gani utafuta faida kubwa hivyo?

Dhana: Wasichana wanajua hatari, tatizo ni kupenda makuta.

Ukweli: Hii inaniuma, maana tunawalaumu kabla ya kuwaeleza. Magharibi mwa Kenya, mwaka 2004, mwanauchumi Pascaline Dupas alilinganisha shule za msingi. Pale walimu walipofunzwa kufundisha somo la serikali la kusubiri ndoa, mimba hazikupungua. Kwingine wanafunzi walionyeshwa video ya dakika 10 kuhusu wanaume watu wazima wanaotongoza wasichana, kisha wakaandikiwa ubaoni viwango vya virusi mjini Kisumu, kwa umri na kwa jinsia. Wakaona wenyewe kwamba mwanaume mtu mzima ana uwezekano mkubwa wa kuwa na virusi kuliko kijana wa rika lao. Ndani ya mwaka mmoja mimba zilipungua kwa 28%, hasa zile za wanaume wakubwa.

Huku kwetu baba mwenye gari, anayemtongoza msichana na kumlipia makuta ya shule, ndiye anayeonekana salama. Wasichana wa Katuba na Ruashi waandikiwe ubaoni takwimu za Lubumbashi yenyewe, umri kwa umri, kabla baba huyo hajawafikia.